Dripu ya nusu lita ilivyotaka kunitoa kwenye mashindano

Zilibaki siku nne tu mashindano yaanze, usiku tumbo likachafuka, natapika naharisha mpaka kunakucha sina nguvu hata ya kusimama. Nikapelekwa zahanati ya karibu, nesi kuniangalia tu akasema huyu maji yamemuishia, mwekeni dripu, na chupa ya nusu lita ishatundikwa tayari. Hapo ndo nikashtuka, nikamwambia dada samahani usinichome kwanza, mi nashindana baiskeli na huwa tunapimwa kama tumetumia vilivyokatazwa michezoni.

Wengi, hata makocha, wanadhani dripu ni maji na chumvi tu, hamna dawa ndani basi hamna shida. Shida ipo. Kwenye orodha ya WADA, lile shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kinachokatazwa ni ule uwekaji wenyewe, yaani chochote kinachopita kwenye mshipa kikizidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, hata kama uko nyumbani na hamna mashindano karibu. Kabla ya 2018 ilikuwa mililita 50 kwa saa 6. Na mi naona wana haki, maana damu ukiiongezea maji inazimuka, aliyetumia EPO, ile dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, anapata pa kujificha na pasipoti yake ya damu, yaani rekodi ya vipimo vyake vya damu vya muda mrefu, inavurugika. Yule muogeleaji Ryan Lochte alifungiwa miezi 14 mwaka 2018 na alichowekewa hakikuwa na kitu kilichokatazwa, ni wingi wake tu na hakuwa na kibali.

Nafuu iliyopo ni kwamba ukiwekewa kihalali kwenye matibabu ya hospitali, upasuaji au vipimo vya kitabibu haihesabiwi kosa. Nje ya hapo inabidi uombe kibali kile cha TUE, yaani ruhusa ya kutumia kilichokatazwa kwa sababu ya matibabu, ikiwa dharura unaruhusiwa kuomba hata baadaye.

Basi tukajaribu kwanza maji ya ORS, nakunywa kidogo kidogo na kijiko, yote yakarudi. Mchana nikapewa rufaa nikalazwa hospitali, nikawekewa lita mbili, na hapo sikubisha kabisa, figo zikifa baiskeli utaendesha na nini? Ila daktari aliposema ataongeza sindano ya deksamethasoni kuzuia kutapika nikamwomba abadilishe, kwa sababu dripu kuruhusiwa hospitali hakufanyi kila dawa iruhusiwe, na sindano za jamii ile ya glukokotikoidi (steroidi za kutuliza uvimbe) zinakatazwa kipindi cha mashindano. Akanipa ondansetroni, haimo kwenye orodha, kutapika kukakoma.

Kabla sijaruhusiwa nikaomba kila kitu kwa maandishi, saa niliyolazwa, vipimo, kiasi cha dripu, majina ya dawa, sahihi na mhuri, nikapiga picha na nakala nikamtumia daktari wa timu usiku uleule.

Nikaanza mashindano bado mdhaifu. Siku ya pili nikaitwa kupimwa, kwenye fomu kuna sehemu ya dawa ulizotumia siku 7 zilizopita, nikaandika zote pamoja na dripu, tarehe na mahali, afisa akasoma akaniuliza karatasi za hospitali ninazo, nikamwonyesha kwenye simu palepale.