Forester yangu na ufa uliojificha

Subaru Forester XT yangu ya 2003 ilianza kupoteza nguvu Desemba iliyopita, nikipandisha Nairobi kutoka Mombasa. Mpaka Voi ilikuwa safi. Nilipopita Mtito Andei, nikitaka kulipita lori kwa gia ya nne, ikaanza kumisi (injini kukosa mapigo), ikatoa moshi mweusi, na harufu ya petroli ikaingia hadi ndani. Geji ya turbo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, siku zote hufika presha ya bar 0.8; sasa ikagota 0.5.

Kila fundi alikuwa na dawa yake. Wa kwanza akabadilisha plagi, wa pili koili zote nne, wa tatu akasema pampu ya petroli imechoka. Pesa zikaenda, moshi ukabaki. Nikaamini turbo ya kiwandani, TD04, imekwisha, nikaenda kwa mzee mmoja wa Magongo, Mombasa, aliyezeekea kwenye injini za Subaru.

"Shikamoo, mzee. Nataka kuweka turbo kubwa."

"Marahaba, mwanangu. Na upepo wa hii uliyo nayo unaishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Akazichomoa plagi, akazipanga juu ya gazeti. Zote nne nyeusi, kavu, zimejaa masizi. Pampu ingekuwa imechoka, akaniambia, petroli ingepungua na plagi zingepauka. Hapa petroli imezidi.

Injini hii, EJ205, hupima hewa kwa sensa iliyo jirani na filta, kabla ya turbo. Kompyuta ya injini ikishaihesabu hewa, inamwaga petroli ya kuitosha. Hewa ikivujia njiani baada ya sensa, kompyuta haina habari: petroli inakuja kamili, hewa inafika pungufu. Ndiyo maana ya ule moshi, ndiyo maana ya kumisi. Mwinuko nao ulichangia. Pwani hewa ina presha ya bar 1 hivi. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni kama 0.83. Huko juu turbo inajikaza zaidi kuijaza injini, na penye tundu haina akiba.

Mzee alikuwa na kifuniko cha bomba la plastiki, katikati amepachika valvu ya tairi. Akakifunga kwa klipu kwenye mdomo wa turbo, akaingiza upepo wa kompresa hadi psi 12 (kama bar 0.8), akanyunyiza maji ya sabuni kila maungio. Povu likachipuka chini ya mpira unaounganisha intakula (kipoza hewa ya turbo) na throto (mlango wa hewa wa injini), upande usioonekana mpaka intakula iinuliwe. Ufa wa urefu wa ukucha! Bila upepo ulikuwa unajifunga kabisa. Tukaweka mpira mpya na klipu mbili, na siku ile ile geji ikarudi 0.8.

Wenye hizi Subaru, nawasihi pia kuhusu ile valvu inayotoa upepo nje kwa sauti ya pshaa. Kosa ni lile lile: unaitupa hewa iliyokwisha kuhesabiwa, na kila ukibadilisha gia petroli inazidi. Rudisheni ya kiwandani.

Bado naitaka ekzosi ya inchi 3. Ila nayo inadai kompyuta iandikwe upya, kwa sababu moshi ukitoka kwa wepesi presha ya turbo hupanda kupita kiwango na kompyuta inakata petroli. Tena injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haishuki oktani 96 (kipimo cha petroli kustahimili kugonga). Taimingi ya cheche ikibaki ya kule na petroli ikawa dhaifu, petroli italipuka ovyo na injini itagonga, na kugonga ndiko kunakovunja pistoni.

Jumamosi tunapima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, kwa silinda zote nne. Zikikaribiana, naagiza ekzosi. Moja ikianguka, pesa hiyo itaenda kwenye pistoni.