Usiku Tuliofunga Kichochoro kwa Leso

Ratiba ya siku ya mtaa iliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, ikapitishwa mkutanoni bila maneno mengi. Asubuhi, matembezi kutoka Ngomeni hadi Bandari ya Kale. Adhuhuri, mafundi wa milango ya nakshi waonyeshe kazi zao. Alasiri, mashindano ya mashua, kisha mzee mmoja aliyekuwa nahodha azungumze na watoto juu ya enzi za majahazi, yakiingia na kaskazi yamepakia tende na mazulia, yakirudi na kusi yamebeba boriti. Ilikuwa mwaka 2013. Fort Jesus, hiyo Ngomeni yetu, ilikuwa imeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia miaka miwili nyuma, mwaka 2011, wageni wakazidi kumiminika, na sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa, tuliozaliwa chini ya kuta zile, tulitaka siku moja iwe yetu, ya kuwasimulia watoto wetu mji wao kwa midomo yetu.

Niliisoma ile karatasi nikiwatafuta wanawake. Walikuwamo kwenye mstari mmoja tu: akina mama watashughulikia chakula.

Nikainua mkono. Nikasema kwamba kwa masimulizi ya wazee wetu wenyewe, mji huu haukuanza na Wareno wala na ngome yao ya mwaka 1593. Haukuanza hata na Shehe Mvita, ambaye kisiwa kinabeba jina lake. Kabla yake alikuwako Mwana Mkisi, mwanamke, na koo za kale kabisa za Mombasa hujinasibisha naye. Mji ulioanza na mwanamke tuuadhimishe na wanawake wako jikoni? Mwenyekiti alikuwa ami yangu, ndugu wa baba. Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, “Sasa wewe wataka nini hasa, mwanangu?”

Nikasema nataka vugo.

Vijana kadhaa wakatazamana. Hawakujua nazungumza kuhusu nini, na hilo liliniuma kuliko ile ratiba. Hawa ni watoto wa Kibokoni na Mkanyageni, wanaweza kukutajia kila mzinga wa Ngomeni, lakini hawakujua kwamba bibi zao walitoka usiku wa harusi na pembe za nyati mikononi, wakizigonga kwa vijiti, wakapita mtaa kwa mtaa na nyumba kwa nyumba, mmoja akitanguliza wimbo na wenzake wakipokea. Wala hawakujua habari za lelemama, ngoma ya wanawake. Anayedhani wanawake wa zamani walikaa ndani kimya hajasikia habari za vyama vya lelemama vya Mombasa, kama Banu Saada na Ibinaal Watan, vilivyokuwa na viongozi wao, sare zao, michango yao, na ushindani ambao uliugawa mji. Chama kimoja kikifanya karamu, cha pili kilijibu kwa karamu kubwa zaidi. Nyimbo zao zilikuwa za mafumbo. Aliyefanya la aibu mtaani aliimbwa bila kutajwa jina, na kufikia asubuhi kila mtu alishajua ni nani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchezaji katika usichana wake. Hata baada ya kuacha kwa miaka na miaka, alipokuwa akingojea chai ichemke vidole vyake viligonga ukingo wa meza, na mdundo ulikuwa ule ule.

Ami alikubali. Tukapewa muda baada ya sala ya isha, na kazi ya kuwatafuta wenyewe ikawa yangu.

Nilianza na bibi, maana bila yeye nisingefunguliwa mlango hata mmoja. Alinipeleka Mkanyageni kwa shoga yake wa zamani, ambaye alitusikiliza, akaniambia nivute kasha chini ya kitanda. Ndani, chini ya leso zilizokunjwa na kutiwa asumini kavu, kulikuwa na pembe. Sikuwahi kuishika kabla ya siku ile. Ilikuwa nyeusi, nzito, laini kwa mafuta ya viganja, na upande mmoja, pale kijiti kinapoangukia, palikuwa pamelika pakafanya kibonde ambacho kidole gumba kinaingia. Hiyo ni kazi ya harusi za miaka mingi. Yule bibi akaichukua mkononi mwangu, akaigonga mara tatu, na wajukuu wake wakatoka chumba cha pili kuja kuuliza ni nini.

Kule Kuze mambo yalikuwa mengine. Bibi yangu alikataa kuvuka kizingiti. Alikaa barazani na buibui lake, akanisukuma niingie peke yangu. Mwenye nyumba alikuwa wa chama cha upande wa pili, na tangu walipokuwa wasichana hawajazidisha zaidi ya salamu.

“Wewe mjukuu wa nani?” akaniuliza.

Nikamwambia.

Akatengeneza mtandio wake. “Wale walitushinda kwa fedha. Kwa mashairi hawakutushinda. Kamwambie.”

Nikatoka nikamfikishia bibi pale pale barazani. Alicheka hadi akakohoa. “Mwambie aje siku hiyo atuoneshe hayo mashairi.” Nikaingia tena na jibu hilo, na kwa namna hiyo nikapata mwimbaji wangu wa pili.

Wa tatu aliishi Bondeni, na mazungumzo yetu yalikuwa mazito. Alitukaribisha kwa kahawa, akakubali kwamba vugo analijua sana, kisha akasema ana sharti. Nyanya zake, alisema, walikuwa wajakazi katika nyumba hizo hizo za Mji wa Kale ambazo milango yake leo hupigwa picha. Alivyosimuliwa yeye, vugo zamani lilikuwa la waungwana. Harusi ya mjakazi haikupigiwa pembe. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, watu wake waliitafuta ile pembe kwa juhudi, kwa kuwa kupigiwa vugo kulikuwa na maana ya kuhesabiwa kuwa mtu. “Nikija,” akasema, “hilo nitalisema mbele ya watu. Sitaki kuja kupiga tu.” Nikamtazama bibi yangu, ambaye ni wa ukoo uliokuwa na wajakazi. Aliweka kikombe chini. “Utalisema,” akajibu. “Na mimi nitakuwa nimekaa pale nasikiliza.”

Likabaki suala la simu. Baadhi ya wazee wa mtaa walikuwa na wasiwasi, na wala siwalaumu: ngoma ya wanawake ikirekodiwa usiku, asubuhi iko kila mahali, na wanawake waliojistiri maisha yao yote wanatazamwa na watu wasiowajua. Bibi alikuwa mkali kuliko hao wazee. Alisema hachezi mbele ya simu, na kama ni lazima, basi turudi nyumbani. Dawa ikapatikana kwa jirani zetu wenyewe. Tulichagua kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu, tukafunga kamba kutoka nondo za dirisha hadi nguzo ya roshani ya upande wa pili, mwanzoni na mwishoni, na kila nyumba ikatoa leso za kutundika. Kufikia magharibi kulikuwa na kuta mbili za leso, nyekundu, za machungwa, za zambarau, zimepandishana, na maandishi yake yote yametazama nje ili wapita njia wasome. Kaka zetu walisimama nje kulinda. Simu zikaingia kapuni mlangoni, ya kwangu ikiwa ya kwanza.

Mchana ulikwenda vizuri na sitauelezea sana. Watoto walipenda zaidi kituo cha Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, ambapo kijana mwongozaji aliwasomea jinsi msafiri Ibn Battuta alivyoikuta Mombasa mwaka 1331: visima milangoni mwa misikiti, kata ya mti ya kutekea maji, na kila mtu akiosha miguu kabla ya kuingia, kwa sababu watu walitembea pekupeku. Watoto wakavua viatu papo hapo, wakatembea hivyo hadi bandarini. Tulipofika Leven House, nyumba ya kale ya pale bandarini, mwongozaji alieleza kuhusu meli ya Waingereza ya mwaka 1824 na vita dhidi ya biashara ya watumwa, na watu wakapiga makofi. Nilimtafuta kwa macho yule bibi wa Bondeni. Alikuwa amekaa ngazini, mikono juu ya magoti, hakupiga makofi. Na bibi wa Kuze, ambaye sikujua kama angekuja mchana, nilimwona bandarini wakati wa mazungumzo ya nahodha, amesogea mbele kabisa, anasikiliza kila neno.

Baada ya isha kichochoro kilijaa. Palinukia ubani na asumini, kahawa ilizungushwa, wasichana walikaa chini kwenye mikeka na wakubwa wakapewa viti na mabenchi. Bibi wa Bondeni alisimama kwanza. Hakutumia kipaza sauti. Alisema yale aliyotuambia nyumbani kwake, kwa ufupi, akataja kwamba mchana tumeshangilia watumwa waliokombolewa baharini, naye amekuja kuwataja waliokuwa humu humu ndani, waliosaga, waliofua, waliolea, na wakaolewa kimya. Hakulia wala hakulaumu mtu. Alipomaliza hapakuwa na kigelegele, watu hawakujua wafanye nini. Hapo bibi yangu akanyanyuka, magoti yakimsumbua, akavuka mkeka na kumpa pembe aliyokuwa ameishika. “Anza wewe,” akamwambia.

Akaanza. Kwanza pembe zilipishana, kila mkono ukiwa na kumbukumbu yake, na nilishikwa na hofu kwamba tumewaita wazee kuwaaibisha. Kisha wa Mkanyageni akapandisha mdundo, wengine wakamfuata, na ghafla kichochoro kizima kikashikamana. Kati ya kuta mbili za matumbawe ile sauti haina pa kwenda, inakugonga kifuani. Wanawake ambao sijawahi kuwasikia wakipaza sauti, wengine mama zangu wadogo, walikuwa wanapokea kiitikio ambacho walikisikia wakiwa watoto.

Ndipo bibi wa Kuze akainua mkono, pembe zikashuka, akatoa ubeti wake taratibu huku akimtazama bibi yangu:

Jahazi la Arabuni, halipakui kelele,
Hupakua tende tamu, walafi wazililie.

Alikuwa ameutunga alasiri ile ile, pale bandarini, kwenye maneno ya nahodha. Kichochoro kikalipuka kwa vigelegele, maana kila mwenye umri alijua walafi ni kina nani: ni wale wa karamu kubwa, wale waliowashinda kwa fedha. Bibi yangu hakutikisika. Akangoja kelele zitulie, akagonga pembe mara moja, akajibu:

Tende zenu tumezila, kokwa tumewarejeza.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Bibi wa Kuze mwenyewe alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtetemeka, na alipofunua uso akasema kwa sauti, “Haya, huu nimekuachia. Mwingine huo waja.” Na ukaja, na mwingine tena. Walijibizana mpaka saa tano usiku, wamekaa ncha mbili za mkeka mmoja, wakati shughuli nzima ilipangiwa kuisha saa tatu. Ami alituma mtu aulize kama tumemaliza. Hakupata wa kumjibu.

Kuna walionilaumu baadaye kwa kutorekodi. Nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba wanawake wale waliimba walivyoimba kwa sababu zile leso zilikuwapo. Kamera ingetupatia heshima zao tu, tusingepata ule uhuru. Lakini beti hazikupotea. Wiki ile ile wasichana watatu waliokuwa wamekaa mbele walikuja kwa bibi na daftari, na yeye akawapa zake zote, neno kwa neno, akiwasahihisha mizani kwa vidole. Walipomwomba za mwenzake alikataa katakata. “Hizo si zangu, siwezi kuwapa mali ya mtu. Nendeni Kuze.” Wakaenda Kuze, wakarudi na maswali, wakatumwa tena. Wazee wawili ambao kwa zaidi ya nusu karne hawakuvuka vizingiti vyao wakawa wanajibizana kupitia wasichana wa shule, na daftari likajaa kutoka mwanzo hadi mwisho na kutoka mwisho kurudi katikati.

Wasichana hao ndio waliopiga vugo kwenye harusi ya kitukuu cha bibi wa Bondeni. Walikuja kuazima pembe ya bibi yangu, ile ile aliyomkabidhi bibi wa Bondeni usiku wa kichochoro, wakatoka nayo na kundi la wenzao, mabuibui na mitandio, kutoka Kibokoni hadi mlangoni kwa bi harusi. Bibi wa Bondeni mwenyewe alikuwa amewekewa kiti hapo mlangoni. Kila walipoteleza kwenye mdundo aliinua mkono kuwasimamisha, akawapigia kofi la kuwaonyesha, na hakuwaruhusu kuingia ndani mpaka waimbe ule ubeti wa tende na jibu lake, yote mawili, mara mbili.