Usiniandike

Tangu Jumatatu neno moja la Baba Mdogo limenikaa kooni, halipandi wala halishuki.

Mnamjua Baba Mdogo. Harusi ya ukoo wetu haiendi mpaka yeye awe mwenyekiti wa kamati. Dukani kwake mtaani Gerezani, hapa Dar, kadi za michango zimepangwa nyuma ya meza hadi nyingine zimepauka, na hajawahi kupunguza ahadi. Kwa hiyo nilipobeba daftari la klabu yetu ya judo ya chuo kwenda kuchangisha, nilianzia kwake. Kila mweka hazina anajua: wa kwanza akiandika kiasi kizuri, wanaofuata wanaona haya kuandika kidogo.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo? Kaa, unywe soda."

Nikamweleza yote. Kwamba mpaka leo tunafanya mazoezi juu ya maranda tuliyopewa na mafundi wa Keko, tukayashindilia na kuyafunika turubai. Hayachukui muda yanahama, katikati panabonyea, pembeni inabaki turubai juu ya saruji, na mwezi uliopita kijana wa mwaka wa kwanza aliangukia bega hapo hapo. Na kwenye judo kuanguka ndilo somo la kwanza. Unaangushwa, unapiga mkono chini kupunguza kishindo, unainuka, unaangushwa tena. Tunahitaji tatami za kweli, yale magodoro magumu ya kuangukia. Moja ina mita moja kwa mbili. Uwanja wa mashindano hauwi chini ya mita nane kwa nane, yaani tatami 32 kabla hujaweka za usalama pembeni. Sisi hatujafika huko, tunaomba 18, tupate sita kwa sita. Nikamwambia hata Jigoro Kano aliyeianzisha judo, mwaka 1882 kule Tokyo, alianza na chumba cha tatami 12 kwenye hekalu.

Alisikiliza mpaka mwisho, hapo sina la kumlaumu. Akavuta droo, akatoa elfu kumi. Nikafungua daftari.

"Hiyo nauli yako," akasema. "Humo usiniandike."

Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Jumatano Dada Rehema amejifungua salama, mtoto wa kiume, nyumba nzima vigelegele, na mimi niko jikoni nakoroga uji wa mzazi huku namjibu Baba Mdogo kichwani. Mara namwambia: siku tulipomzika Baba ulinishika bega ukaniambia nisimame imara, basi hiki ndicho kinachonisimamisha. Mara namuuliza: ni kwa sababu ni mchezo, au kwa sababu mimi ni msichana na nashikana ukosi na wavulana? Angesema hana, ningeelewa, watu hawana. Lakini alikuwa nazo na alizitoa. Alichokataa ni jina lake kuonekana, jina lile lile linalosomwa kwa kipaza sauti kwenye kumbi za Sinza mpaka Tabata.

Ile elfu kumi sikuiandika, na wala sikuipandia daladala. Bado iko katikati ya daftari.

Ijumaa bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijatoka, hata wanachama wenyewe walitoa ahadi za mdomo tu. Nilikuwa nafunga ukumbi, yule mzee mlinzi anayetuachia taa tukichelewa akanifuata, akauliza daftari liko wapi. Akatoa elfu tatu.

"Andika majina matatu, binti. Na la babu yangu usilikosee."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Akaomba aone. Akasoma taratibu, akasoma tena, kisha akaniuliza kama mjukuu wake wa darasa la nne anaweza kuja Jumamosi, maana shuleni wanamsukuma na kila siku anarudi na magoti yamechubuka.

Alikuja. Nilimfundisha kuanguka nyuma: kidevu kifuani, mgongo uviringe, mikono ipige chini kwa pamoja. Mwanzoni alifumba macho. Baadaye alikuwa anaanguka bila kuambiwa, anacheka, maranda yamemjaa kwenye nywele, na babu yake amesimama mlangoni na rungu lake akimhesabia kwa sauti. Sijafurahi hivyo tangu muhula uanze. Jina la kwanza kwenye daftari letu ni la mzee mlinzi, na ndivyo ninavyotaka libaki. Atakayekuja na laki tatu ataandika chini yake. Baba Mdogo naye akibadili mawazo, nafasi ipo, chini yake.

Nilitaka niendelee kuhusu bei tulizopewa Kariakoo, ila nimetoka kufungua kabati sasa hivi. Mama amehamia Mbagala kumkanda Dada, na dawa zake za presha ziko hapa, pakiti nzima haijafunguliwa. Tangu Jumatano hajanywa. Ukimuuliza atasema anajisikia vizuri, kama alivyosema mwaka jana kabla hatujamkimbiza hospitali. Kipindi cha kwanza kesho ni saa mbili. Nitaamka saa kumi niwahi daladala la Mbagala Rangi Tatu.