Gwaride la sikukuu Mombasa: mapengo, ngoma na jua

Kikosi cha shule chenye watoto 30, wakijipanga watatu watatu, huchukua mita 12 hivi za barabara, kiongozi na mbeba bendera wakiwa mbele. Ongeza mita 15 za pengo hadi kikosi kinachofuata, zishakuwa 27. Vikosi 24 ni mita 648, na hapo hujatia bendi hata moja wala lori la maonyesho. Hesabu hii ndiyo ya kwanza kuandikwa, kabla ya kuchapisha kadi za mwaliko na kabla ya kugombania nani akae kiti cha mbele. Kamati nyingi huanza na viti.

Hesabu ya pili ni ya mwendo. Askari hupiga hatua 120 kwa dakika, kila hatua sentimita 75: mita 90 kwa dakika. Watoto wa darasa la sita, wakijitahidi sana, hupiga hatua 110 za sentimita 60, yaani mita 66. Sasa weka watoto mbele na askari wa Magereza au wa NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) nyuma yao. Kila dakika askari wanawakaribia kwa mita 24, na lile pengo la mita 15 limekwisha kabla ya sekunde 40. Kinachofuata ni askari kupiga hatua papo hapo huku wakiwaangalia watoto visogoni. Wageuze, askari wawe mbele kama itifaki inavyotaka, pengo litafunguka badala ya kufunga. Katika kilomita moja askari watumia dakika 11, watoto 15. Zile dakika 4 za barabara tupu mbele ya jukwaa ndizo ambazo mshereheshaji huanza kusalimia wadhamini mmoja mmoja.

Dawa yake ni kituo cha kujipanga upya, mita 200 kabla ya jukwaa. Kila kikosi husimama hapo, hunyoosha mistari, hunywa maji, na huachiwa na msimamizi mwenye saa mkononi: sekunde 25 kati ya watoto na watoto. Anayeachia vikosi awe mtu mmoja tu. Wakiwa wawili, mmoja atasema ngojeni na mwengine atasema nendeni, na hapo hata saa haisaidii.

Njia ya kutoka Mapembe (yale matao ya pembe za ndovu), kushika Moi Avenue, kuvuka Digo Road na kuingia Nkrumah Road hadi Treasury Square ina sifa moja kubwa: imenyooka. Kila kona ina gharama. Safu ya watatu yenye upana wa mita 2.4 ikikata kona ya mraba, mtu wa nje hutembea karibu mita 4 zaidi ya wa ndani. Wa ndani asipofupisha hatua, safu inapinda kama ndizi. Wanaomalizia uwanja wa Tononoka hawawezi kuikwepa kona, basi waifanyie mazoezi kwa chaki iliyochorwa chini, na wasiifanyie mazoezi uwanjani pekee ambako kila mtu ana nafasi. Na popote pale, kichwa cha gwaride kisisimame ghafla. Wa mbele akisimama kidogo tu, wa mwisho husimama zaidi, kisha hukimbia kufidia. Gwaride linabanwa na kuvutwa kama kodiani.

Sasa ngoma, na hapa ndipo wengi wanapolaumu watoto bure. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo wa hatua 120, kila hatua ni nusu sekunde. Kikosi kilicho mita 170 nyuma ya bendi kinasikia kila kishindo kimechelewa kwa hatua nzima: bendi inatua mguu wa kulia, wao ndio kwanza wanatua kushoto, na kila upande una haki yake. Katika mita 85 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mguu uko hewani wenzao wakikanyaga. Mgeni aliye jukwaani, akitazama barabara nzima kwa mbali, huona wimbi la miguu na hudhani hawakufanya mazoezi.

Kuongeza bendi katikati hakutibu, kunazidisha. Kikosi kilicho baina ya bendi mbili husikia zote, nusu yao wakafuata ya mbele na nusu ya nyuma. Bendi zitembee zikiwa zimeachana, mita 250 au zaidi, na kila kundi lililo katikati liwe na kijingoma kimoja cha kuwahesabia. Muhimu kuliko vyote, bendi moja isimame mkabala na jukwaa, isitembee. Bendi zinazokuja zinyamaze zikifika kibendera kilichowekwa mita 100 kabla ya jukwaa, na vikosi vishike mguu wa ile iliyosimama. Ngoma kubwa isitiwe maikrofoni. Spika za mbali huleta kishindo mapema kuliko ngoma yenyewe inavyosikika, watu wakawa na ngoma mbili za saa tofauti. Pwani hii, iliyochukua tarumbeta na gwaride la kijeshi ikavifanya ngoma ya beni ya kushindana mtaa kwa mtaa, haina sababu ya kushindwa na jambo hili.

Jukwaa liwe kulia kwa wanaopita, maana salamu ni ya kutazama kulia. Ukitoka Mapembe unaelekea mashariki, kulia kwako ni kusini, kwa hiyo wageni wanatazama kaskazini. Jamhuri, Desemba 12, jua liko kusini mwetu: liko mgongoni mwa wageni, vizuri. Mashujaa, Oktoba 20, jua ni la utosi tu, hema inatosha. Madaraka, Juni 1, jua liko kaskazini na litawapiga usoni asubuhi yote, kwa hivyo hema iwe na pazia fupi upande wa mbele. Juni hiyo hiyo ni mkiani mwa masika na upepo wa kusi umeshaingia. Viwanja bado vina matope, na hema isiyofungwa kwa mifuko ya mchanga huondoka. Vigingi havishiki juu ya lami wala kabro.

Mlingoti nao. Hewa ya bahari hula roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, mapema. Roda ikishika kutu, bendera hupanda hadi nusu na kukaa hapo, mbele ya kila mtu, wimbo wa taifa ukiendelea. Itieni mafuta siku mbili kabla na mjaribu kwa bendera yenyewe, siyo kwa kamba tupu, kwa sababu uzito na upepo hubadilisha kila kitu. Kamba mpya ya nailoni huteleza fundoni. Afadhali iliyokwisha tumika kidogo. Mpandishaji apime ubeti wa bendi kwa saa: ukichukua sekunde 45 na mlingoti una mita 9, avute sentimita 20 kwa sekunde, asifike juu wenzake bado wako katikati ya ubeti. Na mtu wa pili aikague kabla haijafungwa. Nyeusi juu, kijani chini. Kosa hili linajulikana na kila mtu na bado hufanyika.

Notisi kwa ufupi: sheria inataka barua kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla, ikitaja waandalizi, njia na saa, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Wenye maduka na madereva wa matatu na tuktuk waambiwe mapema vilevile. Barua ya polisi haiwafikii wao. Sikukuu ikiangukia Ijumaa, kama Jamhuri ya 2025, kila kitu kiwe kimekwisha saa tano na nusu. Shule za Likoni zivuke feri kabla ya saa moja, na vyombo vya bendi visafirishwe jana yake.

Kuzirai ndiko kunakoogopesha wazazi, na sababu yake si jua peke yake. Mtu akisimama wima magoti yamekazwa, damu hukaa miguuni na kichwa hukosa. Wafundisheni kulegeza magoti kidogo na kuchezesha vidole ndani ya viatu. Wapate chakula kabla ya kutoka nyumbani, mahamri na chai yatosha, na wanywe nusu lita ya maji muda wa saa mbili kabla ya kusimama. Kusimama bila kutembea kusizidi dakika 20, hotuba ya Rais inayosomwa na Kamishna wa Kaunti ikiwa bado inaendelea au la: watoto wakae chini. Kwa watu 820, kwa mfano, kadirieni lita 1.5 kila mmoja, lita 1,230, yaani madumu 62 ya lita 20. Watu wa huduma ya kwanza wakae nyuma ya vikosi. Jukwaani hawazirai.

Mgeni rasmi anapokagua gwaride la heshima, hutembea mbele ya safu ya kwanza na kurudi kwa kupita kati ya safu. Acheni hatua tatu kamili kati ya safu. Zikibanwa sako kwa bako, kamanda na upanga wake hawapiti.

Tathmini ifanywe ndani ya siku mbili, kwa karatasi na siyo kwa kumbukumbu. Mtu mmoja jukwaani aandike saa ambayo kila kikosi kilipita mbele ya jukwaa, mwengine arekodi video akiwa kando, usawa wa miguu. Linganisheni karatasi hiyo na ratiba. Pale pengo lilipozidi sekunde 60, tafuteni kilichotokea kituo cha kujipanga dakika 3 kabla, maana ndiko lilikoanzia, siyo mbele ya jukwaa lilikoonekana. Karatasi hiyo apewe yule atakayeshika saa mwaka ujao, pamoja na kamba na ile chupa ya mafuta ya roda.