Nilivyofika Mbale kwa Hewa ya Moto Peke Yake

Aliyenifundisha kuruka kwa parashuti ya kuelea, ile isiyo na injini, aliniambia kwamba safari ndefu ni jambo jepesi: tafuta wingu jeupe, jiweke chini yake, utapandishwa. Ushauri huo ulinipotezea viangazi viwili, pamoja na mpunga wa mtu.

Nilikuwa nikirukia kwenye ukingo ulio juu ya Sipi, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo Mlima Elgon unakatika ghafla na tambarare ya Bulambuli inatandazwa chini kama mkeka. Nilitaka kufika Mbale, takriban kilomita 35 kwa mstari ulionyooka, nikisukumwa mgongoni na upepo wa kiangazi utokao kaskazini-mashariki. Siku ile ya aibu niliona wingu nono mbele yangu nikaliendea kwa furaha, na muda wote wa kuliendea lilikuwa likichakaa pembeni kama pamba iliyochambuliwa, ila mimi nilitazama unono wake tu. Nilipofika, kifaa changu cha kupimia mwinuko, ambacho hulia ti-ti-ti mtu anapopanda, kilitoa mlio mmoja mzito wa kushuka. Wingu lilikuwa likionyesha mahali hewa ilipopanda zamani kidogo. Mkondo wenyewe wa hewa inayopanda ulikuwa umekwisha. Chini yangu kulikuwa na majaruba ya mpunga, na maji hayapati joto upesi kama ardhi kavu, basi hapakuwa na cha kunishika. Nilitua katika tope la magotini.

Mwenye shamba alikuja taratibu, jembe begani. "Kijana, umetoka wapi?"

"Nimetoka juu, mzee."

"Juu kwa nani?"

Nilimlipa kama shilingi elfu ishirini kwa mpunga nilioulaza, na mtu wa boda akanitoza nauli ya watu wawili kwa sababu ya mzigo, tena huku akicheka.

Tangu hapo nikaacha mawingu, nikaanza kusoma ardhi. Mwezi wa Januari watu huchoma nyasi, na kipande cheusi kilichopakana na shamba la kijani hupata joto kuliko jirani yake, hadi hewa iliyo juu yake inabanduka na kupaa. Lakini hila ninayojivunia ni ya moshi. Ukiona moshi wa tanuru la matofali umelala upande mmoja, huo ni upepo tu. Ukiona mioshi miwili iliyo mbalimbali imeinamiana, basi hewa inavutwa kuingia katikati yao, na hapo katikati ndipo pa kwenda. Hili sikufundishwa na mtu. Niliigundua hila hiyo nikiwa nimekaa juu ya jiwe, nikila muhindi wa kuchoma na kusubiri upepo utulie.

Kiangazi kilichofuata niliondoka Sipi karibu saa sita mchana. Kabla ya mji wa Sironko nilikuwa nimeshuka kiasi cha kuhesabu mbuzi, ndipo nikaiona mioshi miwili imeinamiana juu ya konde lililoungua. Kwanza nikadondoka vibaya, jambo lililonifurahisha, kwa maana kandokando ya mkondo unaopanda hewa hushuka. Halafu bawa la kulia likanyanyuliwa. Zamani ningeliacha linisukume kushoto; safari hii nilijilaza kuliani, nikahesabu hadi tatu, nikazunguka kwa duara dogo. Mkondo ulikuwa umeinamishwa na upepo, na kila mlio ulipofifia nilisogea kule upepo unakotoka, kwa kuwa parashuti hupanda polepole kuliko hewa yenyewe na huishia kuachwa nyuma upande wa pili.

Juu yangu walikuwapo korongo wale wenye mfuko shingoni, ambao huku tunawaita kaloli. Mwewe simwamini, maana hupiga mabawa na kuzunguka popote penye panya. Kaloli ni mzito, hapendi kujichosha. Akizunguka bila kupiga bawa, hewa hiyo ni ya kweli. Niliwafuata hao hadi ukingo wa Wanale ukawa kando yangu na mabati ya Mbale yakimetameta mbele.

Nilitua katika uwanja wa mpira nje kidogo ya mji, nikampigia simu rafiki yangu aliyekuwa anifuate kwa gari. Alikuwa Bulambuli, ameegesha kando ya majaruba, amekwisha kupatana bei ya mpunga na yule mzee.