Mbona Unapungua?

Tangu Jumanne neno limenikaa rohoni: “Kaa chini, hilo halimo kwenye mtihani.”

Harusi ya Mwanaharusi imepita salama, alhamdulillahi, shemeji karudi Pemba. Lakini nikijilaza tu, akili inarudi darasani.

Nilikuwa nawaonyesha Kidato cha Nne, kwenye simu, kile kidonge cheusi cha supakondakta: itriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Kikipozwa kwa naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri (ndiyo hiyo hiyo wanayohifadhia mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe), ukinzani wake (ugumu wa kupitisha umeme) unaisha. Ukikipoza ndani ya ugasumaku kisha ukauondoa uga, usumaku unanaswa humo, ingawa unapungua polepole. Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Cambridge walinasa tesla 17.6 (tesla ni kipimo cha nguvu ya ugasumaku), kwa kelvini 26, yaani kama nyuzi 247 chini ya sifuri, kwenye vidonge vya jamii hiyo vyenye gadoliniamu.

Zuhura akasimama. “Mwalimu, kama ukinzani ni sifuri, mbona umesema usumaku unapungua polepole?”

Mwenzangu aliyeingia kuchukua daftari la mahudhurio akamjibu neno lile kabla yangu, hata uso hakuinua. Mtoto akakaa, akafunika daftari lake kwa kiganja.

Swali lile ndilo lenyewe! Usumaku huingia kwa nyuzi nyembamba, zikanasa penye kasoro za fuwele. Joto, hata dogo kiasi hicho, linazitikisa; moja inachomoka, kisha nyingine, na kila inapohama, umeme unaozunguka humo, ndio unaoushikilia usumaku, unadhoofika. Kinachopotea kati ya dakika ya kwanza na ya kumi hukaribia kinachopotea kati ya dakika ya kumi na ya mia. Na uga wa nje ukipanda kisha ukashuka, usumaku haurudi kwa njia uliyojia, maana nyuzi zilizonasa haziachii kirahisi. Mwanafizikia Bean aliliwekea hesabu jambo hili la kutorudi mwaka 1962. Mtoto kalifikia swali la kupungua kwa akili yake, anaambiwa akae!

Alhamisi kanisubiri penye baiskeli. Nikamweleza yote tukitembea kuelekea Chumbageni, nikisukuma baiskeli. Akanyamaza mpaka tulipofika njia panda.

“Kwa hiyo tukikipoza zaidi, zitatulia?”

“Ndiyo, mwanangu. Zitatulia zaidi.”

Furaha niliyoipata hapo sijui niiweke wapi. Nimemwambia Jumatatu alirudie mbele ya darasa zima, na nitakuwepo.

Mama bado anakataa kupelekwa kupimwa macho. Leo asubuhi katia chumvi kwenye chai, na dada yuko Korogwe mpaka mwisho wa mwezi.