Kana Kwamba Mmefungwa Pamoja Nao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Waebrania 13:3: "Wakumbukeni hao waliofungwa, kana kwamba mmefungwa pamoja nao, na hao wanaodhulumiwa, kwa vile ninyi nanyi mlivyo katika mwili."

Mstari huu nimeusoma miaka mingi nikiishia kwenye "wakumbukeni". Kukumbuka nakuweza: nawataja wafungwa kwa sentensi moja katika maombi ya usiku, kisha nalala. Yale mengine, "kana kwamba" na "katika mwili", yamenishika hivi karibuni nilipofuatilia maisha ya Maya Moore, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani.

Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, timu yake ilishinda michezo 90 mfululizo. Mwaka 2011 timu ya Minnesota Lynx walimchukua akiwa chaguo la kwanza kati ya wachezaji wapya, na mwaka huohuo wakatwaa ubingwa wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani. Wakautwaa tena 2013, 2015 na 2017. Mwaka 2014 alikuwa mchezaji bora wa ligi, na dhahabu za Olimpiki anazo mbili, ya London na ya Rio. Katika mchezo wa tatu wa fainali ya 2015 dhidi ya Indiana Fever, pointi zilikuwa 77 kwa 77, zimesalia sekunde 1.7. Alipokea mpira, akamhadaa mlinzi, akarusha kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Ukaingia.

Februari 2019, akiwa na miaka 29, alitangaza kwamba msimu huo hatacheza. Hakuwa ameachwa na timu. Alisema anataka kuwa na familia yake na kumtumikia Mungu. Na palikuwa na mtu gerezani.

Mtu huyo ni Jonathan Irons. Alikamatwa akiwa na miaka 16, akashtakiwa kama mtu mzima kwa wizi na shambulio la risasi nyumbani kwa mtu, akahukumiwa miaka 50. Siku zote alisema hakuhusika. Maya alimfahamu mwaka 2007, kabla hajaanza chuo, kupitia ndugu zake waliokuwa wakihudumu gerezani huko Jefferson City, Missouri, mji aliozaliwa. Basi ubingwa wote ule aliuchukua huku akimjua kijana aliyekuwa nyuma ya nondo.

Wapendwa, hapa ndipo ninaposimama kwa muda. Mchezaji ana mtaji mmoja, mwili wake, na miaka ya mwili huo kuwa katika ubora wake ni michache mno. Angeweza kutoa pesa, kuvaa fulana yenye ujumbe na kuendelea kucheza, na sote tungemsifu. Yeye alitoa miaka yenyewe, kupigania Jonathan aachiwe huru. Mwandishi wa Waebrania hasemi tuwakumbuke wafungwa kwa kuwa tuna huruma. Anasema kwa kuwa nasi tumo katika mwili. Mwili wa Jonathan ulikuwa unazeeka gerezani, na mwili wa Maya ukakubali kuzeeka nje ya uwanja.

Tena hakujua kama wangeshinda. Uwanjani saa inaonekana, na ikifika sifuri unajua matokeo. Mahakamani hakuna saa ya namna hiyo. Machi 2020 jaji alitengua hukumu, kwa kuwa taarifa ya alama za vidole ambayo ingeweza kumsaidia Jonathan haikuwahi kupewa mawakili wake. Hata hapo upande wa serikali ulikata rufaa, naye akaendelea kukaa ndani.

Tarehe 1 Julai 2020 alitoka, baada ya zaidi ya miaka 20. Alipokuwa akiwaendea waliomsubiri, Maya alipiga magoti chini. Baadaye walioana, wakapata mtoto wa kiume. Kwenye ligi hakurudi tena. Mwaka 2023 alitangaza rasmi kustaafu.

Sidhani kila mmoja wetu anaitwa kuacha kazi yake. Ila ninaye ndugu aliyefungwa, ambaye nimemwombea mwaka mzima bila kwenda kumwona hata mara moja, nikijitetea kwamba sina nafasi. Nimeuliza siku ya kuwatembelea wafungwa. Ni Jumamosi. Niombeeni nisiahirishe.